Mafuta ya Sanda ya Haji Senik

1 Novemba, Jumamosi

Mvua za mwisho wa mwaka zimeingia leo, na mimi nimeingia nazo kazini. Daftari hili nimelinunua kwa Mek Song mwenye mgahawa. Kazi niliyopewa na baba mkwe wangu, Haji Senik, ni ya heshima, na habari za heshima haziandikwi kwenye karatasi ya kufungia samaki. Shule niliiacha darasa la tano, lakini nimeuza mafuta ya udi Jedda miaka mingi, nimewapaka mikononi mabwana wenye magari marefu kuliko nyumba yetu, nikawachekesha mpaka wakanunua. Sentensi chache hazitanishinda.

Kazi yenyewe ni hii. Mzee ana kichupa kimoja cha udi ambacho hakiuzwi. Mafuta yake aliyakeneka mwenyewe ujanani, kwa chungu na mvuke, kutoka kwenye mti wa porini alioupata pamoja na mkewe, huko juu ambako siku hizi kuna michikichi tu mpaka macho yachoke. Tunayokeneka sasa ni miti ya kupandwa, mizuri, lakini ni watoto wa shule mbele ya babu yao. Marehemu mama mkwe wangu, Mek Limah, alipofariki, nusu ya mafuta yale ilipakwa sanda yake. Nusu iliyobaki ni ya sanda ya mzee. Anasema huko watu watakuwa wengi, na macho ya Mek Limah hayakuwa mazuri, kwa hiyo atamtambua kwa harufu.

Kila mwaka mvua ya kwanza ikinyesha, mzee hupaka tone moja alfajiri, akakaa nalo mpaka jioni, ajue kama mafuta yangali hai. Halafu kichupa kinafungwa mpaka mwaka mwingine. Udi haupimwi kwenye chupa, chupa ni mwongo. Unapimwa kwa mtu aliyeuvaa siku nzima. Lakini mwaka huu figo za mzee zimemshinda, dawa zimemchachusha ngozi, na udi haukai kwenye ngozi chachu. Akaniita mimi.

“Siku moja tu, Deraman. Tone moja. Usivute sigara leo, wala usile budu wala mchuzi wowote wa samaki waliochacha. Jioni uniambie yamefika wapi. Na kichupa kaa nacho wewe, mikono yangu hii itakivunja.”

Haya, yalifika hivi. Alfajiri ni zizi la mbuzi. Sisemi kwa dharau. Ni mbuzi waliolalia nyasi zenye umande, pamoja na kiatu kipya cha ngozi. Kelsom, mke wangu, alisogeza mkeka wake bila kusema neno. Baada ya chai mbuzi wameshatoka, limebaki banda la mbao lililopigwa jua. Adhuhuri ni tumbaku kavu na pilipili manga. Kisha kwa muda hakuna kitu, nikadhani mafuta yamekufa, nikaanza kutunga maneno ya kumpa mzee pole. Alasiri ilipopita, nikiwa natega ndoo chini ya bati linalovuja, ukaja utamu. Haukuwa wa sukari wala wa ua. Ilikuwa shingo ya Yati, binti yetu, alipokuwa mchanga na ametoka kuogeshwa. Nilikaa chini na ndoo yangu mkononi, mvua inaniingia mgongoni.

Nilimsimulia mzee yote. Alikuwa amefumba macho. Nilipofika kwenye utamu akatikisa kichwa polepole. “Umefika,” akasema. “Basi yako salama.”

2 Novemba

Mvua. Nimeoga mara mbili na mkono bado unanukia.

4 Novemba

Nimefikiri kitaalamu. Jumamosi kulikuwa na baridi, na mafuta yaliyopimwa kwenye baridi ni kama hayajapimwa. Leo jua limechungulia kidogo, nikapaka tone jingine kwa faida ya mzee mwenyewe. Kwenye jua mbuzi wanaondoka mapema, na jasho linaongeza chumvi kidogo, kama ya ngozi ya mtu unayempenda. Utamu unaanza hata kabla ya alasiri, ila haukai. Vidole nilivifutia kwenye kilemba changu, ili mafuta yasipotee hata kidogo, maana vitu kama hivi kuvipoteza ni dhambi.

Mzee sikumwambia, asisumbuke.

7 Novemba, Ijumaa

Nilipaka kwa ajili ya msikiti, na kwa msikiti hakuna ubaya. Safu mbili mbele yangu watu waligeuka. Tulipotoka, Dollah mwenye mashua ya injini, ambaye tangu tukiwa watoto hajawahi kuniacha nipite bila kunichokoza, alinizunguka akininusa kama afisa wa forodha.

“Bwana Jedda, leo umemwaga duka zima?”

Nikamwambia hii ni harufu ya mtu mwenye asili, hainunuliwi. Akasema asili yangu anaijua, ilikuwa inauza bata.

12 Novemba

Nimepaka. Mvua kutwa.

15 Novemba

Nimegundua mambo ambayo hata mabwana wa Jedda hawayajui. Ukipaka kifundo cha mkono, udi unazungumza na wengine. Ukipaka nyuma ya sikio, unazungumza na wewe. Ukipaka kifuani chini ya shati, unakaa kimya asubuhi nzima, halafu ukiinama kuokota kitu unakufikia usoni kama mtu aliyefungua mlango. Moshi wa kuni unaukasirisha. Samaki wa kukaanga anaushinda adhuhuri, lakini jioni samaki hayupo, na udi wenyewe upo. Siku ya mvua nzito utamu unachelewa mpaka karibu na magharibi, na ukichelewa unakuja mzito zaidi.

Jioni yote nimekuwa mtu mwema. Nimemsamehe hata Dollah.

16 Novemba

Mzee ameniuliza kichupa kiko mahali pakavu? Nikasema kikavu kabisa. Ndiyo, neno lilitoka hivyo, na baadaye nililisikia vibaya.

20 Novemba

Kelsom hajasoma sana, lakini pua yake ni ya binti wa Haji Senik. Nilikuwa natoka akaniuliza, “Baba Yati, unakwenda kununua vitunguu au unakwenda kuposa?”

Nikacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili. Niliporudi nikakuta nguo zangu zote zimefuliwa na kutandazwa chini ya nyumba, kati ya nguzo zinazoinyanyua, isipokuwa kilemba. Kilikuwa kimening’inizwa peke yake kwenye msumari wa nguzo, karibu na kuku.

“Hicho sifui,” akasema. “Afue huyo anayekupaka.”

24 Novemba

Habari zimefika kwa Mek Song kabla yangu. Nilipoingia kunywa kahawa, Dollah alikuwa ameshapanga hadithi nzima. Nina mjane mjini Machang anayeuza vitambaa, ana jino la dhahabu, na nyumba yake haivuji. Akasema nimwambie mjane asinikamue sana maana nimekonda. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, nikasema mwanamume haulizwi mwavuli wake umekaukia wapi.

Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe fupi. Lakini niliona ni afadhali hivi. Mwenye mke wa siri anachekwa na kuonewa wivu kidogo. Anayemwibia mkwewe sanda hana meza ya kukaa.

Hapo ndipo nimeliandika kwa mara ya kwanza, nikaliangalia. Kumwibia.

28 Novemba

Baada ya Ijumaa nilikisimamisha kichupa dirishani. Mvua ilikuwa imepumzika, mwanga ukapita ndani. Nilitegemea kuona yamepungua kidogo. Yamebaki chini kabisa. Nilikigeuza, nikakipiga kidole, nikafanya kama wateja wetu wanaodhani mafuta yamejificha mahali.

Nimeapa. Sipaki tena, na daftari hili ni shahidi.

Mzee leo ameketi mwenyewe kula uji. Alinishukuru kwa kumshika mgongo. Aliniita mwanangu.

29 Novemba

Nimepaka. Kidogo.

30 Novemba

Nimepaka.

3 Desemba

Tuna mafuta ya kiangazi kilichopita, ya miti ya kupandwa, yanauzwa Kota Bharu bila aibu yoyote. Jana Kelsom alikuwa kwa jirani. Nilimimina mpaka kichupa cha mzee kikafika pale kilipokuwa mwezi uliopita, na mkono wangu haukutetemeka. Huo ndio umenitisha, mkono. Maishani nimetetemeka mbele ya panya.

Leo nimeujaribu mchanganyiko kwa siku nzima, maana fundi hupima kazi yake. Alfajiri mbuzi wengi kuliko awali, wakubwa, wamenona. Saa za asubuhi mbao nzuri. Adhuhuri pilipili ipo, mtu asingejua. Nikaanza kujisifu. Alasiri mbao. Baada ya alasiri, mbao. Karibu na magharibi kulikuwa na kitu kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ng’ambo ya mto na maji yanameza maneno. Halafu mbao tena.

Kwa hiyo yatampitisha mtu mpaka mchana. Lakini Mek Limah hamngoji mumewe mchana.

5 Desemba

Mto umepanda mpaka kwenye migomba. Wanasema mwaka huu utakuwa mkubwa. Tumehamisha vyungu vya kukenekea juu ya jukwaa. Dollah alikuja kusaidia, akauliza mjane hajambo.

9 Desemba

Nilikuwa chini ya nyumba nikifunga mfereji kwa waya. Sakafu yetu ni ya mbao, na mbao zina nafasi. Kelsom alikuwa juu na baba yake, analia. Sijamsikia Kelsom akilia tangu tulipomsindikiza Yati kwenda kufanya kazi Johor. Alimwambia baba yake kwamba nina mwanamke. Mzee akamuuliza amejuaje, amemwona? Akasema hajamwona, anamsikia kwa pua. Kila siku mume wake ananukia mwanamke huyo.

“Ananukiaje?” mzee akauliza.

Naye akamweleza. Asubuhi kama zizi la mbuzi, akadhani mwanzoni ni uchafu. Mchana kama tumbaku. Na jioni, jioni ndiyo inayomuumiza, kwa sababu jioni ni harufu nzuri ambayo hajui aliisikia wapi zamani, anakaa kando yangu akiwa na hasira na huku anataka kusogea karibu. “Baba, jioni ananukia kama mama,” akasema.

Nilikuwa nimeshika koleo. Kuku mmoja aliniangalia.

Mzee akasema neno moja tu. “Kumbe.”

Baadaye aliniita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeomba maji. Alisema kesho anataka kukaa na mafuta yake siku moja, kabla hajaondoka. Nikasema lakini Baba, ngozi. Akasema, “Utanipaka ndevu. Ndevu hazijui figo. Hazitoi habari zote, lakini za kesho zitatosha.”

10 Desemba

Naandika yote, nikiruka neno nitakuwa mwizi tena.

Baada ya swala ya alfajiri nilimwegemeza kwenye mito. Nikafungua kichupa, nikachovya, nikampaka ndevu chini ya kidevu. Vidole vyangu vilisikia taya lake, jembamba, lina joto. Akafumba macho. Mvua ilikuwa inapiga bati, tulisikilizana kwa shida.

“Mbuzi wapo,” akasema.

Nikasema wapo, Baba.

“Wengi mwaka huu.”

Nilikuwa nimejitayarishia mzaha wa kila saa, nina mizaha ya kutosha kuvukia mafuriko, na yote ilikauka. Kelsom alileta uji, akaweka kikombe changu mbali na mkono wangu, akatoka. Mzee akanisimulia, sijui kwa nini, siku waliyoukata ule mti. Mek Limah ndiye aliyeuona. Walikuwa wamepotea, wamegombana njiani, naye akaketi chini akagoma kutembea, na shina aliloliegemea lilikuwa la ule mti. Mzee alikuwa akicheka anaposimulia. Kila mara alivuta pumzi kwa pua, taratibu, kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni.

Adhuhuri akasema pilipili ipo. Nikasema ipo. Nikadhani labda. Labda ndevu, labda ugonjwa, labda pua nayo imezeeka. Niliomba dua ambayo naona haya kuiandika. Niliomba mzee asisikie vizuri.

Alasiri tuliswali, yeye amelala, mimi kando. Nikamgeuza ubavu. Nikampa maji. Mwanga ukaanza kuwa wa kijivu.

“Bado,” akasema. Kisha, baada ya muda, “Tusubiri.”

Tukasubiri. Nimewahi kusubiri viza, nimewahi kusubiri Kelsom ajifungue, sijawahi kusubiri vile. Nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua kwamba kinachosubiriwa hakiji, na nilikuwa nimemkalia karibu namshika mkono.

“Baba,” nikasema, “mimi—”

“Usiseme. Ukisema itabidi nikujibu, na pumzi zangu nina kazi nazo.” Akapumzika. “Kilemba chako kiko wapi?”

Nikashuka chini. Kilikuwa kwenye msumari wake, kimefifia, kina manyoya ya kuku. Nilikikung’uta nikampelekea. Alikishika kwa mikono miwili akajifunika uso mzima. Kilemba kilikuwa kinapanda na kushuka. Sikuona uso wake. Alikaa hivyo mpaka nikaogopa, nikanyoosha mkono, na hapo ndipo akasema ndani ya kitambaa,

“Umefika.”

Kelsom alikuwa mlangoni, sijui tangu lini.

Mzee alikitoa usoni akakikunja juu ya kifua chake. Akaniambia, “Nikifa, utanifunga taya kwa hiki. Wewe. Asikupokonye mtu, na usimwachie mtu.” Anajua. Kijiji kizima kinajua kwamba Mek Limah alipofariki nilisema nakwenda kutafuta kafuri, nikarudi maiti imeshazikwa. Mimi niliyepigana na wezi wa Jedda kwa mkono mmoja, kama nilivyowaeleza wengi, siwezi kugusa maiti.

“Nimesikia, Baba,” nikasema.

Akamgeukia binti yake. “Mumeo hana mwanamke. Na kitambaa hiki kisifuliwe.”

11 Desemba

Kichupa nimempa Kelsom akae nacho. Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Aliendelea kumenya kitunguu mpaka kikaisha, akachukua kingine.

14 Desemba

Leo amezungumza. Nilikuwa nalisha kuku.

“Bora ungeoa,” akasema. “Ungeniletea mke mwenza ningegombana naye. Sasa nigombane na nani, na kitambaa?”

Nikasema ugombane na mimi. Akasema mimi sigombaniki, kila nikiguswa nafanya mzaha. Ni kweli, hata pale nilikuwa na mmoja mdomoni. Nikaumeza.

Nikaenda kwa Mek Song nikawaambia waliokuwepo kwamba hakuna mjane. Hawakuamini. Dollah akasema wanaume wote waliobanwa husema hivyo. Kumbe uongo niliusimamisha kwa siku moja, na ukweli hauna pa kukaa.

17 Desemba

Mvua. Ngozi yangu inanukia sabuni. Alasiri ikifika naisikiliza, kama mtu aliyeng’olewa jino anavyotafuta pengo kwa ulimi.

19 Desemba, Ijumaa

Maji yameingia chini ya nyumba. Kuku wote wako juu barazani, wanatutazama kama wapangaji. Barabara ya kwenda mjini imekatika. Mzee hali chakula. Anakunywa maji ya kijiko, na kilemba kiko chini ya shavu lake. Nikimgeuza nakigeuza pia.

Aliniuliza kama vyungu viko salama. Nikasema viko salama. Safari hii ni kweli, na nilisikia utofauti mdomoni.

21 Desemba

Maji yamefika ngazi ya tatu. Mzee kanishika kifundo cha mkono, akakivuta puani. Nilitaka kukificha. Akanusa, akakiachia. “Sabuni,” akasema, akatabasamu kidogo. Sijui kama huo ni msamaha au ni maneno tu. Sikuthubutu kuuliza.

23 Desemba

Haji Senik amefariki leo baada ya alfajiri. Kelsom alikuwa anamsomea sikioni. Hakukuwa na mapambano, pumzi zilikuwa zinachelewa, zikachelewa, halafu tukawa tunasubiri iliyofuata.

Kelsom akaniangalia. Mwosha maiti wa msikiti, Pok Loh, yuko ng’ambo na maji yamejaa mashamba yote katikati. Hata kama angekuwa mlangoni ningemwambia asubiri.

Nikachukua kilemba. Nilikipitisha chini ya kidevu, nikakipandisha pande zote mbili za uso, nikakifunga juu ya kichwa, si kwa kukaza sana. Taya lilikuwa bado na joto. Nilisubiri woga wangu, na kweli ulikuja, lakini mikono ilikuwa inajua kazi. Wakati nafunga, harufu ilipanda kutoka kwenye kitambaa. Jioni zangu zote zilikuwa mle. Kila siku niliyoandika humu nimepaka, na zile nilizoona aibu kuandika.

Dollah alikuja na mashua mpaka kwenye ngazi, na binamu zake wawili. Ndio walionisaidia kuosha. Nilimwosha mimi, wao walimimina. Ilipofika sanda nikafungua kilemba taratibu. Taya lilikuwa limetulia, na ndevu zilikuwa zinanukia ule utamu, hata mimi niliyeuiba nisingeweza kusema vingine. Kelsom akanipa kichupa kupitia pazia. Nikampaka paji la uso, pua, viganja, magoti, vidole vya miguu, mahali pote pa kusujudia. Nilikimaliza. Mbuzi wakajaa chumbani. Nilimwambia kimya kimya Mek Limah kwamba asiogope mwanzo, asubiri, akaribie ndevu.

Dollah alikiona kilemba kikiwa kwenye sakafu. Akainama, akakinusa, akaniangalia. Nilingoja maneno yake, nikasema moyoni aseme tu, hata mbele ya watu. Akakikunja vizuri akamkabidhi Kelsom.

Tulimpeleka kwa mashua mpaka kilima cha msikiti, ambako maji hayajafika. Tumemlaza karibu na mkewe. Imamu alisema maneno machache kwa sababu ya mvua. Tulirudi adhuhuri imepita.

Tukakaa barazani, mimi na kuku. Watu waliondoka mmoja mmoja kabla mkondo haujazidi. Nilipopaka sanda sikunawa baadaye, si kwa makusudi, kulikuwa na haraka. Nilipoinua mkono kufuta mvua usoni nikasikia pilipili manga. Nikajua ni saa ngapi bila kutazama jua.

Mchanganyiko wangu una kidogo cha kweli ndani yake. Nilikwisha kuupima. Utamu utakuja kwa mbali, karibu na magharibi, kama mtu anayeita kutoka ng’ambo. Nilikuwa na mikono miwili iliyojaa, hakuna ambaye angeninyima, na kichupa kimekwisha. Hautakuja tena mahali popote baada ya leo.

Pilipili ikaondoka. Likaja lile pengo la kimya. Nilikaa kwenye pengo lile muda wote niliokaa siku ya kwanza, na ndoo. Kisha alasiri ikapita, na kwenye vidole vya mkono wa kulia nikausikia unaanza. Mdogo sana. Unakuja.

Nikasimama. Nikaenda jikoni, nikachukua sabuni ya kufulia, ile ya kipande, nikanyoosha mikono juu ya beseni. Kelsom alikuwa pale. Aliiona mikono, akaiona sabuni, akatazama nje kama anayepima saa. Yeye naye anaijua jioni ile, amelala kando yake msimu mzima.

“Sasa?” akauliza.

“Sasa.”

Akachota maji kwa kata, akamimina.